Chenji ya Sisimizi

Vile vibubu sikuvipenda tangu siku vilipoingia nyumbani, na nilisema. Mimi si mtu wa kukaa na neno kooni. Kaka yangu alirudi kutoka karakana jioni moja, mikono myeusi tii, amekumbatia vipande viwili vya bomba la chuma kama mtu aliyebeba mapacha, akavitua kwenye meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja. Kila kipande kilikuwa kimezibwa huku na huku kwa kuchomelewa, na ubavuni kimeachiwa upenyo mwembamba wa kupitisha sarafu. Hakuna mlango, hakuna kufuli, hakuna kizibo. Nikamuuliza, pesa zikishaingia humo zitatokaje? Akacheka. Akasema raha ya kitu chenyewe ndiyo hiyo, hazitoki. Siku vikijaa atavikata kwa mashine, na siku hiyo si leo wala kesho.

Nikamwambia aondoe vyuma vyake kwenye kitambaa cha watu.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha, na akishika jambo halishiki nusu. Wiki ile alikuwa amemsikia mtu redioni akieleza kwamba mtoto afundishwe kuweka akiba angali mdogo, kwa njia rahisi rahisi, na yeye akalibeba jambo lile zima zima. Mke wake, wifi yangu, anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Hutoka watu bado wamelala, hurudi jioni na unga kwenye kope. Mimi ndiye dada mkubwa wa kaka yangu, na kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu iko kwenye kibaraza cha mbele, kwa hiyo anayeingia na anayetoka wote wananipitia mimi. Watoto ni wawili. Wa kiume tunamwita Kazee, maana tangu angali mdogo kabisa hutembea mikono nyuma akilalamikia bei ya vitu. Wa kike, mdogo wake, ni Sisimizi. Alizaliwa kadogo mno, na tangu ajue kutembea hujamkuta mikono mitupu. Daima kuna kitu anakihamisha kutoka hapa kwenda pale.

Na Sisimizi ana kifafa. Hilo nalisema mapema, kwa sababu hata tulipokuwa tukicheka nyumbani mule, ndilo lililokuwa limetukalia rohoni. Alipoanza kuanguka, daktari alimwandikia vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni, akatukalisha mimi na wifi yangu akatueleza kama anavyoelezwa mtoto. Hizi si dawa za kichwa, akasema, kwamba ukijisikia nafuu unaacha. Zikirukwa, ugonjwa unarudi, na ukirudi unarudi na hasira. Mtoto anaweza kuangukia moto au maji, au kikamshika kifafa kisichokatika, akatutoka mikononi. Wifi alilia pale pale. Mimi nilikwenda kulilia nyumbani. Tangu hapo hatukuruka kidonge hata kimoja, na mtoto hakuanguka tena, mpaka watu wapya mtaani wakawa hawajui kabisa kwamba ni mgonjwa.

Basi kaka akatoa sheria zake. Chenji yote ya kutumwa dukani ni ya aliyetumwa, mradi aitumbukize kwenye kibubu baba yake akiona. Na kila Jumapili baada ya chai, vibubu vitapimwa. Alikuwa akivinyanyua kimoja kimoja, anavitikisa sikioni, anafumba jicho moja kama fundi saa, halafu anatangaza mshindi. Mshindi anabebwa mabegani kuzunguka uani. Ukiniuliza mimi, ule ulikuwa mchezo wa baba kuliko wa watoto, lakini mtu akirudi nyumbani na furaha huwezi kumnyang'anya.

Kazee alielewa haraka. Alikuwa akitumwa vitunguu analeta vidogo kama gololi, akitumwa nyanya analeta zilizolegea, akitumwa sabuni analeta kipande ambacho ukikishika kikakuponyoka hukioni tena. Kumbe anachagua cha bei ya chini ili chenji iwe nene. Nilimwambia kaka, mwanao anatuibia jikoni mchana kweupe. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema huyo anajifunza biashara. Tukala mchuzi wa vitunguu gololi, na kibubu cha Kazee kikazidi kuwa kizito.

Cha Sisimizi kilikuwa kitupu. Angepata wapi? Kwa ajili ya ugonjwa wake hatukumruhusu kuvuka barabara wala kwenda sokoni, na kule kwenye kioski cha jirani nilikomtuma uzi, bei ya uzi ni ile ile, hairudishi kitu. Jumapili moja kaka alikitikisa kibubu chake, sarafu mbili zikagongana humo ndani kwa unyonge, akasema, "Hiki kimeingia mende." Watu tukacheka. Sisimizi naye alicheka, lakini nilikiona kidevu chake kikitetemeka, na usiniambie sikuona, nilikuwa nimekaa mbele yake. Nikamvuta kaka pembeni, nikamwambia utani mwingine haumfai mtoto. Akasema nisubiri, atampatia njia.

Njia yenyewe ilikuwa hii: Sisimizi akanunue dawa zake mwenyewe. Duka la dawa liko kwenye uchochoro wa shule yao, hakuna barabara ya kuvuka. Kila mwanzo wa wiki mama yake atamwekea pesa kwenye mkoba, atapita akitoka darasani, atachukua vidonge vya wiki, na atavimeza mwenyewe bila kufuatwafuatwa. Tulikaribia kushikana mashati siku ile. Nilimwambia hayo si mambo ya kufundishia watoto biashara. Akanijibu kwa sauti ya taratibu, ile anayoitumia kwa wateja wabishi, kwamba huruma yangu itamfanya mtoto alemae, na kwamba mtu anayeshika dawa zake kwa mkono wake hawezi kuzisahau. Wifi alikuwa ameegemea ukuta, macho yanamfumba kwa uchovu wa tanuri. Akasema tujaribu. Mwenye mtoto akishasema tujaribu, shangazi unafanya nini? Nilirudi kwenye cherehani yangu nimenuna.

Na kwa muda ikaonekana kaka ndiye mwenye akili. Mtoto hakusahau hata wiki moja. Alirudi na bahasha yake ndogo ya dawa, akaiweka kwenye rafu ya vikombe, mahali pale pale kila mara. Alikuwa anatembea ameinua shingo. Halafu kibubu chake kikaanza kupata sauti. Kwanza kidogo, halafu ikawa ukikitikisa kinaitika. Jumapili moja kaka alivinyanyua vyote viwili, akavishusha, akavinyanyua tena, akamtazama mkewe, akasema, "Sisimizi amempita Kazee." Nyumba ikalipuka. Akambeba mabegani akazunguka naye uani, mtoto kashika nywele za baba yake kwa mikono miwili, kafumba macho kwa furaha. Kazee alikwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenuna kama mzee aliyenyimwa kiinua mgongo.

Mimi nikauliza. Nilimwita Sisimizi, nikamuuliza sarafu hizi zinatoka wapi, mama. Akaniambia bila kupepesa kwamba muuza dawa anamrudishia chenji. Kaka akadakia huku bado anahema: unaona, dada, mtoto kapunguziwa bei, huyu anajua kuongea na watu. Sikuridhika. Walipotoka nilikwenda kwenye rafu, nikaifungua ile bahasha. Vidonge vilikuwamo, vyeupe, vya kutosha kufika siku ya kununua vingine. Roho ikatulia. Nikajiambia, haya, labda yule muuza dawa ni mtu wa utu.

Vitu vidogo ndivyo vilivyoanza kunitisha. Asubuhi moja Sisimizi alisimama mlangoni na kikombe cha chai, kikombe kikaanza kuinama chenyewe, polepole, chai ikammwagikia mguuni. Hakushtuka. Macho yalikuwa wazi, yananitazama, ila yeye hakuwamo. Niliita jina lake, nikaita tena, halafu akarudi kana kwamba mtu amewasha taa, akaniuliza, "Eeh, shangazi?" Mguu ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Nikampaka mafuta.

Siku nyingine alikuwa ananishikia kitambaa nikikata. Katikati ya sentensi akanyamaza. Midomo ikawa inatafuna kitu ambacho hakipo. Nikaacha mkasi wazi, sikuthubutu kuufunga, maana vidole vyake vilikuwa pale pale kwenye ncha. Alipozinduka akaendelea na hadithi yake, lakini aliiendelezea mahali pengine kabisa, kama mtu aliyeruka ukurasa.

Nikamwambia wifi. Akakunja uso, akasema atampeleka kliniki mwisho wa mwezi, siku yake ya kupumzika. Nikamwambia kaka. Akasema mtoto ana usingizi, mitihani imekaribia. Mwalimu naye akatuma neno kwa Kazee kwamba dada yake akiitwa darasani haitiki, anadhani ana kiburi. Sisimizi na kiburi, jamani! Nikawa namchunga kama sufuria ya maziwa motoni. Akienda uani namfuata, akikawia chooni nabisha mlango. Nyumba ile ilikuwa na kelele zake za kila siku, redio, vyombo, Kazee akibishana, lakini mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu, kishindo cha mtoto kuanguka. Ilikuwa haijatokea bado, na niliisikia kila saa.

Ikafika Jumamosi. Wifi yuko tanurini, kaka yuko karakana. Nilikuwa na koti jeupe la muuza dawa, lililochanika mfuko. Nilimtumia ujumbe kwamba liko tayari, akaja na pikipiki yake kulichukua. Ni mtu mpole, mwenye tumbo la heshima, anasalimia watu mpaka mbuzi wa jirani. Alilipima koti, akausifu mshono, akakaa kwenye stuli akijipepea. Halafu akaniuliza, kwa wema kabisa:

"Na mtoto, anaendeleaje tangu daktari ampunguzie dozi?"

Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Nikamuuliza nani kampunguzia.

Akatazama huku na huku. Akasema mtoto mwenyewe alikuja, akaomba vidonge nusu ya vile vya kawaida, naye akadhani ni amri ya daktari, maana alikuwa na uhakika wake, anaeleweka, akahesabu chenji yake akashukuru. Ikawa hivyo kila wiki tangu hapo. Alikuwa bado anaongea, akieleza kwamba alitaka kuulizia lakini dukani watu huwa wengi, mimi nimeshasimama. Kwa hiyo vidonge vya jioni havikuwapo. Mtoto alikuwa anameza kimoja cha asubuhi, na pesa ya cha jioni anaitumbukiza kwenye lile bomba la baba yake. Ndiyo maana bahasha haikuisha kabla ya wiki.

Nikaita. Sisimizi hakuitika. Nikaingia ndani, chumbani, uani, hayupo. Ndoo ndogo ya bluu nayo haipo. Mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta, akasema usihangaike, nimemtuma yeye na kaka yake maji, kila ndoo nawapa sarafu, watoto wako wana bidii.

Maji. Nilitoka bila viatu.

Tangi tunakochota lipo mwisho wa uchochoro. Ni shimo la saruji lililochimbwa chini, refu kuliko mimi mara mbili, na mdomo wake una mfuniko wa bati unaoburuzwa pembeni. Unapiga magoti ukingoni, unateremsha ndoo kwa kamba. Tulimkataza Sisimizi kulisogelea tangu alipokuwa anatambaa. Nilikuwa bado mbali niliposikia sauti ya Kazee. Haikuwa ya kuita mtu. Ilikuwa sauti moja tu, ndefu, isiyo na neno ndani yake, na mbio zangu zikawa si mbio tena, nikawa kama naogelea kwenye uji.

Kazee alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kidole gumba cha mguu kakikwamisha kwenye ufa wa saruji, mikono yote miwili imeshika miguu ya dada yake. Nusu ya Sisimizi ilikuwa imeshaingia shimoni. Mwili unarukaruka, kila mruko unawavuta wote wawili kidogo. Nilimshika Sisimizi kiunoni nikamvuta, muuza dawa, aliyenifuata na pikipiki yake, akatokea nyuma yangu akamshika Kazee, tukaanguka wote kwenye tope. Sikujua kama nimemtoa mtoto au nimeutoa mwili. Macho yalikuwa meupe, povu lina damu, meno yamejifunga. Nikamlaza ubavu kama tulivyofundishwa. Nikangoja kifafa kikatike. Zamani kilikuwa kinakatika mtu akihesabu mpaka mia moja. Nikahesabu nikafika, nikaanza upya, nikafika tena. Kikalegea kidogo, nikasema ahsante Mungu, kikaanza upya kabla sijamaliza kusema.

Muuza dawa akasema hatungoji tena. Akawasha pikipiki, nikakaa nyuma na mtoto katikati yetu, nimemfunga kwa kanga kwenye mgongo wa yule bwana ili asiponyoke. Kazee nilimpigia kelele akimbilie karakana. Njia nzima kichwa cha Sisimizi kilikuwa kinanigonga kifuani, gonga, gonga, na mimi nilikuwa nataka kule kugonga kusikome na kukome, vyote viwili kwa pamoja.

Hospitali walimpokea mbio. Walimchoma sindano, haikutosha, wakamchoma nyingine. Kitanda kilikuwa kinalia vyuma. Kilipotulia nilidhani amekufa, na nilikuwa tayari kumrukia yule muuguzi, mpaka nilipouona mdomo ukitia ukungu ndani ya kikombe cha hewa walichomfunika usoni. Kaka aliingia na miwani yake ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Wifi aliingia na unga mpaka viwikoni.

Daktari alikuja kututafuta kwenye korido. Alikuwa mwanamke kijana, amechoka, na hakutaka maneno mengi. Aliuliza nani alipunguza dawa. Nikamweleza yote, kibubu, chenji, Jumapili, bila kumficha kaka wala kumpamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake.

"Cha leo tumekizima," alisema. "Kikimrudia kingine kama hiki, siwaahidi kitu. Kila kidonge, kizima, kwa wakati wake. Mnanielewa?"

Kaka alijibu ndiyo. Halafu akaketi sakafuni, pale pale koridoni, watu wanampita, mtu mzima na sura yake, akaikunja miguu kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, mengine makali mpaka nayaonea aibu. Nilipomwona vile yakanikauka.

Kesho yake mchana Kazee alitokea wodini, kavibeba vibubu vyote viwili kwenye mfuko wa saruji uliotaka kumvunja bega. Alikuwa ametembea navyo kutoka nyumbani. Alivisukuma chini ya kitanda, akasema vyote ni vya dada yake sasa, hata kile chake mwenyewe, halafu akakaa juu ya stuli akatazama ukuta. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, kucha ya kidole gumba imeng'oka pale tangini. Hakuna aliyempa pole kwa hicho kidole mpaka jioni, tulikuwa tumemsahau.

Sisimizi alifumbua macho saa za chai. Alimwita mama yake kwanza, kisha mimi, na mimi nikajidai nina mafua. Ulimi ulikuwa umevimba, anaongea kama ana pamba mdomoni. Kaka alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Akamshika mkono, akamuuliza kwa nini hakumeza dawa za jioni. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

Mtoto alifikiri. Halafu akasema, "Nilimsikia mama akikwambia dawa zangu zinatumaliza. Na wewe ukamjibu, utafanyaje, ndiyo hivyo. Sasa nikapunguza."

Wifi aliziba uso kwa mikono yake. Alikuwa ameyasema kweli maneno hayo, chumbani, nyuma ya pazia, mwezi mmoja mbaya ambao mageti hayakununuliwa. Nani asingeyasema? Nyumba zote watu wanayasema. Kaka alimweleza mwanawe kwamba alisikia vibaya, kwamba dawa si hasara, kwamba baba ana pesa tele. Alimweleza kwamba tangu leo hakuna tena chenji, hakuna kupima, hakuna mshindi. Sisimizi alimsikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa mahali panapotakiwa. Baba yake alipomuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa.

Nikaona kazi imekwisha. Siku ile tulikula, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Wifi alitoka akanunua mikate, Kazee akatania kwamba ni midogo, na nikacheka, jamani, nilicheka. Jioni muuguzi alikuja na kidonge na maji kwenye glasi. Sisimizi alikitia mdomoni, akanywa maji yote, akafungua mdomo "aaa" kama alivyoambiwa. Muuguzi akamsifu, akaandika, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Kaka alisimama amnyooshee mto. Mkono wake ukakwama chini yake. Alikaa hivyo kidogo, ameinama, halafu akautoa. Kiganjani, katikati ya yale makovu ya cheche, kulikuwa na nusu ya kidonge, imelowa, imeng'atwa vizuri katikati kama mtu aliyepima kwa rula.

Wifi alisimama. Dirishani kulikuwa kunaingia giza, na wodi nzima ilikuwa inaongea na wageni wake, wala hakuna mtu aliyetuangalia.

"Hii ya nini, mwanangu?" kaka aliuliza.

"Ya kesho," alisema Sisimizi. Akamtazama baba yake usoni, akingoja asifiwe.